Mgombea alikuja Katuba, tukamuuliza pesa ya shaba inaishia wapi. Majibu yake haya

Mleta uzi:

Yambo wote. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka asome habari ya katoni kisha arudi kazini.

Jumamosi mchana, kabla mvua haijatufukuza, tulikaa ndani ya lupango (kiwanja cha nyumba) ya jirani yangu hapa Katuba, Lubumbashi, na mtu anayetaka kiti cha bunge la jimbo la Haut-Katanga mwaka 2028. Jina lake nalihifadhi. CENI, tume ya uchaguzi, haijafungua kampeni yoyote, na mimi sitaki uzi huu ugeuke bango lake. Watu walishaanza kumwita "onorable" (mheshimiwa) wakati hajapata hata kura ya mke wake. Hakuleta vitenge, hakuleta sukari wala fulana, na kwa sababu hiyo watu kama kumi na tano waliondoka kabla hajafungua mdomo. Tukabaki kama sitini, wengine tumekaa juu ya kreti za bia.

Alianza hivi: ulizeni uchumi tu, ya nani mtoto wa Katanga na nani mgeni sitajibu leo. Hapo nikampa alama yake ya kwanza.

Swali la kwanza mnalijua hata nisipoandika. Dola. Kijana mmoja kambiste, wale wanaokaa na meza ya noti njia panda, akauliza: mwaka 2025 dola ilikuwa inacheza karibu na faranga 2,850, halafu ikaanguka chini ya 2,500. Kwa nini bei za sokoni hazikuanguka pamoja nayo?

Mgombea akajibu karibu nusu saa. Akaeleza Benki Kuu inavyouza dola ili kukusanya faranga, inavyozibana benki nyingine, na kwa nini nchi inayofanya hesabu zake kwa dola haiponi kwa miezi mitatu. Alijibu vizuri, sikatai. Lakini mbunge wa jimbo hana hata kidole katika jambo hilo. Sarafu iko Kinshasa, Katiba ya 2006 imeiweka huko. Nusu saa nzima tulisikiliza mtu akieleza sufuria ambayo hataipika yeye.

Aliyemkata ni mama mmoja wa unga. Nanukuu kama alivyosema: "Onorable, hayo ni ya Kinshasa. Miye nauzaka bunga Kasumbalesa, nauzisha ku Kenya. Niambie ya bunga."

Watu wakapiga makofi. Na kabla mgombea hajajibu, mama mwenyewe akamjibu kambiste kwa maneno machache kuliko yale ya nusu saa: dola zake alizitafuta kwa 2,850, akanunua mzigo. Siku ya kuuza dola ikawa imeshuka. Akishusha bei ya mfuko, ile tofauti nani atamrudishia? Ndiyo maana bei inapanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi.

Ila si kila mtu alilia dola ilipoanguka. Mwalimu analipwa faranga, yeye alipumua kidogo, maana kodi ya nyumba hapa inadaiwa kwa dola. Aliyeumia ni kijana wa kampuni ndogo ya mgodini mwenye mshahara wa dola 300. Kwa 2,850 alikuwa anapata faranga 855,000. Kwa 2,400 anapata 720,000. Hizo 135,000 zilizoyeyuka ni bukari (ugali) ya nyumba nzima.

Naendelea chini, simu inazima. Delestaji (mgao wa umeme).

Dereva wa Tunduma:

Mkuu, mimi Mtanzania, napiga njia ya Dar, Tunduma, Nakonde mpaka Kasumbalesa. Nimesoma mara mbili sijaelewa. Huyo mama anauza unga Kasumbalesa halafu anauuza tena Kenya? Kenya ya Nairobi? Faida anaipata wapi na umbali wote huo?

Mleta uzi:

Hahaha, dereva umenichekesha nimwage chai. Kenya ni komini (manispaa) yetu hapa Lubumbashi, na soko lake ni kubwa. Halafu kwa Kiswahili chetu kuuza ni kununua. Ukitaka kusema unachosema nyie kuuza, sisi tunasema kuuzisha. Kwa hiyo mama ananunua Kasumbalesa, anauza Kenya. Ukija kwetu na kusema "nataka kuuza gari" utaletewa gari na bei yake.

Dereva wa Tunduma:

Sasa naelewa kwa nini mwaka ule niligombana na mtu kwa ajili ya tairi.

Mleta uzi:

Umeme umerudi. Tuendelee na unga.

Wasio wa huku mjue: Haut-Katanga inakula mahindi ya Zambia. Mwaka 2024 ukame uliichoma Zambia, ikazuia mahindi yake yasitoke, ikafika mpaka yenyewe ikanunua Tanzania. Mwezi wa 8 mwaka huohuo Kongo ilikuwa imezuia bia na vinywaji kutoka kwao, na Zambia ikafunga mpaka wa Kasumbalesa kwa siku kadhaa. Kwa mama wa unga hizo ni ngumi mbili kwenye shavu moja.

Mgombea akasema: tutalima. Mzee mmoja nyuma akacheka kwa sauti. Akamkumbusha kwamba enzi za gavana Moïse Katumbi kampuni za migodi ziliambiwa zilime hekta 500 kila moja, na leo bado tunaamka tukiangalia Kasumbalesa. Sasa wewe utalima na nini?

Hapa alisema jambo la maana, halafu akalipita mbio kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Alisema mahindi ya Kasenga na Pweto yapo, ila njia za mashamba zimekufa, na mkulima akitia mahindi yake kwenye lori wakati wa mvua hajui lori litafika lini. Njia hizo ni kazi ya jimbo. Bajeti yake inapita katika bunge la jimbo, ndani ya chumba kilekile anachotaka kukaa. Nilitegemea aseme njia gani, kutoka wapi hadi wapi, kwa pesa ipi. Dakika nne tu. Dola nusu saa, njia za mahindi dakika nne.

Mama wa unga hakumwachia. Akauliza etalaji, ule ushuru wa kila siku wa kutandika biashara chini. Asubuhi mtu anapita anakamata pesa, saa nne anapita mwingine na kofia nyingine, na karatasi hakuna. Mgombea akaahidi kupendekeza edikti (sheria ya jimbo) ili muuzaji alipe mara moja kwa siku na apewe risiti yenye namba. Hilo liko ndani ya uwezo wake, nikaandika.

Sasa shaba.

Mzee aliyecheka ndiye aliyesimama. Aliingia Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, mwaka 1974, akatoka mwaka 2003 na ile hesabu ya "kuondoka kwa hiari" iliyowatoa watu zaidi ya 10,000. Akasema taratibu, kofia mkononi: "Mwaka 1986 shiye tulitosha tani zaidi ya 470,000. Watoto walisoma, lopitali ilikuwa yetu, posho ya bunga ilikuwa inafika ku nyumba. Leo mu radio banasema inchi inatosha zaidi ya milioni 3. Onorable, posho iko wapi?"

(Kutosha kwetu ni kutoa.) Kukawa kimya. Hata wauza karanga walisimama.

Kwa haki ya mgombea niseme hakumdanganya mzee. Alimwambia: shaba ya wakati wako ilikuwa mali ya serikali, toka shimoni mpaka melini. Leo migodi mingi mikubwa ni ya ubia, Gécamines ina hisa chache ndani, na nchi inakula kupitia kodi, gawio na mrabaha, ule tunaouita redevansi. Posho haiwezi kurudi. Kinachowezekana ni kujua redevansi inaenda wapi.

Mwalimu mmoja akachana katoni ya bia, akatoa kalamu, akaanza kuandika mgombea akisoma. Sheria ya migodi ilirekebishwa mwaka 2018. Redevansi ya shaba ni asilimia 3.5 ya thamani yake. Kobalti ilipoitwa madini ya kimkakati ikapandishwa hadi asilimia 10. Pesa hiyo inagawanywa hivi: nusu inaenda serikali kuu, asilimia 25 jimbo, asilimia 15 komini, sekta au utawala wa chifu palipo na mgodi, na asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo.

Tukapiga hesabu ya shaba ya dola milioni 1. Redevansi yake ni 35,000. Kinshasa 17,500. Jimbo 8,750. Komini yenye mgodi 5,250. Vizazi vijavyo 3,500. Ikiwa ni kobalti ya dola milioni 1, redevansi ni 100,000 na jimbo linapata 25,000. Juu ya hapo kuna asilimia 0.3 ya mauzo, ambayo kampuni inapaswa kuitoa kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka. Kwa milioni 1 hiyo ni 3,000.

Katoni ikapita mkono kwa mkono. Sijawahi kuona watu wakisoma katoni ya bia kwa makini hivyo ikiwa tupu.

Halafu mimi nikauliza swali langu la pekee. Mwaka jana jimbo letu lilipokea kiasi gani kutoka kwa hiyo asilimia 25, na kilifanya nini?

Akakohoa. Akasema atarudi na namba. Mtu anayetaka kukaa bungeni kuisimamia pesa hiyo anajua njia zake zote, anajua kila kona, ila hajui kama kinachopita humo ni gari au punda.

Mhasibu wa Kampemba:

Mleta uzi, kazi nzuri, lakini ongeza mambo mawili kabla watu hawajaanza kudai visivyo vyao.

Kwanza, ile asilimia 15 haigusi Katuba. Inaenda palipo na mgodi. Ruashi wana mgodi, Kipushi wana mgodi wao wa zinki uliofufuliwa mwaka 2024. Katuba na Kenya tunaishi kwa vumbi na biashara. Kwa hiyo mpiga kura wa Katuba asimuulize mgombea "asilimia 15 yetu". Amuulize ile 25 ya jimbo. Tena mkumbuke kwamba Katanga ilipokatwa vipande vinne mwaka 2015, Kolwezi ilienda na Lualaba, na kobalti nyingi ikaenda nayo. Mwaka 2025 Kinshasa ilipofunga usafirishaji wa kobalti kuanzia Februari, kisha ikaleta mgao Oktoba, waliohisi kwanza ni wao.

Pili, mlimwachia bila kumuuliza kifungu cha 175 cha Katiba. Asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na imeandikwa wazi kwamba inakatwa hapohapo inapokusanywa. Kwa vitendo pesa inapanda Kinshasa yote, kisha jimbo linasubiri irudishwe. Sisi tuliofanya kazi na vitabu vya jimbo tunajua maana ya kusubiri. Unapanga daraja mwezi wa 3, pesa inakuja mwezi wa 11 mvua imeshalibeba daraja la zamani.

Kijana wa sutretansi:

Na vijana? Aliulizwa ya sutretansi (kandarasi ndogo) au alipewa soda?

Mleta uzi:

Aliulizwa. Alijibu kama kitabu: sheria ya mwaka 2017 inasema kazi ndogondogo za migodi ziende kwa kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Kijana mmoja akamwambia anafanya kazi kwenye kampuni ya namna hiyo, mwenye jina kwenye karatasi ni mjomba wa mtu, na hajawahi kumwona kazini. Jina la kukopesha. Mgombea akatikisa kichwa, akasema ni sheria ya kitaifa. Kweli ni ya kitaifa. Lakini kwenye dola hakukumbuka hilo.

Mtazamaji wa Golf:

Mnapoteza muda. Mtu asiye na kitenge wala sukari hapati kura Katuba. Mtamsifu katoni, siku ya kura mtaenda kwa mwenye mchele.

Mjukuu wa mfanyakazi:

@Mtazamaji wa Golf, ninyi mnaoishi kwenye jenereta msituambie tunavyopiga kura. Babu yangu ndiye aliyeuliza ya posho. Amerudi nyumbani na ile hesabu ameinakili nyuma ya kalenda, kila anayeingia anasomewa. Mama jana alitaka kutoa kalenda kwa sababu mwaka umeisha, ikawa vita.

Dereva wa Tunduma:

Mzee apewe heshima yake. Mimi nauliza la njiani. Mkipandisha kodi za jimbo, ni sisi tutalipa getini? Maana foleni ya Kasumbalesa nimeshawahi kulala mpaka nikajua majina ya watoto wa mama ntilie wote. Na kila kituo kina mtu mwenye kitabu chake cha risiti.

Mhasibu wa Kampemba:

Dereva, umegusa penyewe. Jimbo lisilopata pesa yake ya 40 kwa wakati linatafuta pesa kwa anayepita. Lori, duka, mama wa etalaji. Gharama hiyo unaiweka wewe kwenye nauli ya mzigo, na mama anaiweka kwenye bakuli la unga. Mgombea akisema "nitaongeza mapato ya jimbo" muulizeni kutoka mfukoni mwa nani.

Mleta uzi:

Nimeacha swali moja makusudi, nilikuwa sijui kama niliandike.

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka, watu wanakunja viti, yule mama wa unga akauliza la mwisho. Wote mnajua gavana wetu hachaguliwi na sisi. Anachaguliwa na wabunge wa jimbo. Na mnajua maneno yanayosemwa mjini kila msimu wa kumchagua gavana, sina haja ya kuyaandika. Mama akasema: "Siku ya kuchagula guvernere, kura yako utamupa nani, na utamupa juu ya nini?"

Kicheko. Mgombea naye akacheka, akapangusa paji la uso, akasema kura ni siri.

Mama akamjibu: "Kura yangu njo siri. Yako wewe, nani alikutuma?"

Sijui kama wataalamu wa Katiba watakubaliana naye, lakini ndani ya ile lupango hakuna aliyempinga. Ukitazama vizuri, hilo ndilo lilikuwa swali kubwa la uchumi siku hiyo. Gavana ndiye anayeshika ile asilimia 25. Ndiye anayeamua njia ya Kasenga itengenezwe au yanunuliwe magari ya ofisi. Mbunge anaweza kumhoji, kuunda tume ya uchunguzi, hata kumwangusha kwa kura. Lakini kama siku ya kumchagua alikula chake, atamhoji kwa mdomo upi?

Alisimama kidogo kwenye matone. Halafu akasema atatangaza hadharani, hapahapa, kabla ya kupiga kura hiyo, anamchagua nani na kwa sababu gani. Mwalimu akamnyooshea katoni na kalamu. Akaangalia wasaidizi wake wawili, wakaangalia chini. Akaandika mstari mmoja, akasaini, akaingia garini. Katoni iko kwangu, nimeifunga ndani ya mfuko wa plastiki.

Mtazamaji wa Golf:

Saini ya katoni. Mtaipeleka mahakama gani?

Mleta uzi:

Hatuipeleki mahakamani. Tutaipeleka kwenye mkutano wake wa pili.

Mhasibu wa Kampemba:

Na namba za asilimia 25? Alisema atarudi nazo lini?

Mleta uzi:

Alisema wiki mbili.

Naongeza hapa leo, siku ya kumi na sita. Namba hazijaja. Kilichokuja ni ujumbe wa mmoja wa wale wasaidizi, usiku: uzi ni mzuri, onorable ameusoma, ameufurahia, ila naombwa niondoe ile sehemu ya kura ya gavana, mengine yote yabaki. Nimemjibu alete kwanza karatasi ya namba, ya kuondoa tutazungumza baadaye. Ameona. Hajajibu.

Dereva wa Tunduma:

Alhamisi nashusha mzigo Lubumbashi. Nielekeze kwa huyo mama, nataka mfuko mmoja wa unga. Kuuza, sio kuuzisha.